Omu Nne, Omu Nane: Kabla Hujaongeza Boksi la Pili

Korosho zikishalipwa, kuanzia Tandahimba hadi Masasi hakuna Jumamosi inayopita bila harusi, na harusi nyingi haziridhiki na DJ peke yake. Wenyewe wanataka na gitaa. Mpiga solo anafika na amplifaya yake ya wati 50, anakuta uwanja ni mkubwa kuliko alivyoambiwa, na mwenye vyombo anamwonea huruma: "Chukua na boksi hili, kaka, chomeka hapo nyuma." Boksi linachomekwa. Kwa nusu saa sauti ni tamu kuliko mwanzo. Halafu inaanza kupasuka, inakatika, na nyuma ya amplifaya panakuja harufu ya plastiki iliyoungua.

Lawama hupewa umeme: ulipanda, ulishuka, jenereta ilikohoa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi umeme unasingiziwa, na aliyeua amplifaya ni lile boksi la huruma.

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoubania umeme. Namba ikiwa kubwa, spika inabana zaidi na amplifaya inatoa mkondo mdogo. Namba ikishuka, njia inakuwa pana, mkondo unaongezeka, na joto linaongezeka pamoja nao. Kwa hiyo boksi la pili halileti spika tu. Linafungua njia ya pili, na amplifaya ndiyo inayolipa.

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe linaeleweka. Ukitoa waya kwenye amplifaya hadi boksi la kwanza, kisha waya mwingine kutoka boksi la kwanza hadi la pili, kwa macho ni mfululizo mtupu, kama watoto wa chekechea walioshikana mikono. Fundi aliyesoma fizikia ya kidato cha pili anakumbuka kwamba kwenye mfululizo omu hujumlishwa, anapiga hesabu ya 8 na 8, anapata 16, anatulia. Lakini matundu mawili ya nyuma ya boksi yameungwa sambamba kwa ndani: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Hata ukiyapanga maboksi kumi kwa mstari, kwa umeme yote yamesimama bega kwa bega mbele ya amplifaya. Maboksi mawili ya omu 8 ni omu 4. Matatu ni 2.7. Manne ni 2.

Hesabu yake haihitaji daftari. Kama maboksi yana omu sawa, gawa kwa idadi. Kama ni mawili yenye omu tofauti, zidisha namba zake, kisha gawa kwa jumla yake: 8 na 4 zinakuwa 32 gawa kwa 12, yaani kama 2.7, 16 na 8 ni 128 gawa kwa 24, yaani 5.3. Kwenye mchanganyiko wa namna hiyo kuna jambo jingine la kuangalia. Boksi lenye omu ndogo ndilo linalokula zaidi. Ukiunga boksi la 8 na la 16 kwenye amplifaya inayotoa wati 30, la 8 linachukua wati 20 na la 16 linabaki na 10. Kwa hiyo ukikuta spika moja imeungua na jirani yake ni nzima, usikimbilie kusema ilikuwa feki.

Na faida yenyewe? Amplifaya ya transista inayotoa wati 50 kwa omu 8, ukiipa omu 4 haitoi 100, kwa sababu volti za ndani zinashuka mzigo ukizidi. Itatoa kama 80. Kutoka 50 kwenda 80 ni desibeli 2, tofauti ambayo aliyekaa meza ya tatu haigundui. Boksi la pili linasaidia zaidi kwa sababu koni nyingi zinasukuma hewa nyingi. Lakini ukilichukua boksi moja lililopo chini, ukalipandisha juu ya kiti mpaka lielekee masikio ya watu badala ya magoti yao, utashangaa. Halina gharama, na omu zinabaki palepale. Spika nayo ina neno lake: yenye uwezo wa desibeli 100 kwa wati moja, ikiwekwa mahali pa ile ya 97, ni sawa na kuongeza wati za amplifaya mara mbili. Kabla ya kununua amplifaya kubwa, soma namba hiyo kwanza.

Stika si ushahidi

Spika nyingi zinazozunguka Mtwara na Lindi zimeshapita mikononi mwa fundi angalau mara moja. Koili ikiungua, inasukwa upya kwa waya uliopatikana, si lazima ule wa mwanzo, na koni inarudishwa na gundi. Kazi inaweza kuwa safi kabisa. Ila stika iliyo kwenye sumaku bado inasema omu 8, na koili mpya ni ya 5. Ndiyo maana mita ya fundi, hata ile ya bei ya chini kabisa, ni kifaa cha mwanamuziki kama ulivyo waya wa gitaa.

Weka mita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake mbili kwanza. Kama inasoma 0.4, hiyo ni ya waya za mita, utaitoa kwenye kila kipimo. Chomoa boksi kwenye amplifaya kabisa. Chomeka waya wa spika kwenye boksi, halafu pima kwenye pini ya upande wa pili: ncha moja kwenye kichwa cha pini, nyingine kwenye shina. Ukipima hapo umepima waya, tundu na spika kwa pamoja, na ndicho amplifaya itakachokiona.

Hutaona 8. Spika ya omu 8 iliyo nzima husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.5. Ya 16 husoma 11 hadi 13 na kitu. Sababu ni kwamba mita inapeleka umeme mnyoofu wa betri, unaohisi ukinzani wa waya wa koili peke yake. Muziki ni umeme wa mawimbi, na kwa mawimbi koili inaongeza ukaidi wake. Ukinzani ukichanganyika na ukaidi huo ndio unaoitwa impidansi. Tena haitulii. Spika ya gitaa ya inchi 12 iliyoandikwa omu 8, ikipigwa karibu na mlio wake wa asili, kati ya hezi 75 na 100, huweza kupita omu 50. Kwenye hezi 400 hivi inashuka hadi karibu na 8. Kwenye sauti kali inapanda tena. Nyuzi nene ya gitaa, ile ya E, iko hezi 82, ndani ya kilima hicho. Hiyo 8 ni jina la kifamilia tu, la kukusaidia kuoanisha.

Mita ikiwa bado imeshikwa, bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyosambaa kuzunguka kikofia cha katikati. Namba itarukaruka, kwa sababu koili ikitembea ndani ya sumaku inazalisha umeme wake yenyewe. Acha itulie ndipo usome. Lakini usikilize pia. Koni nzima inaingia na kutoka kimya kama pumzi. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, koili imepinda au imeungua na inagusa sumaku. Leo inapiga, harusi ijayo haitapiga. Mita ikisoma omu 1.0 au chini yake, koili au waya umegusana: boksi hilo lisikaribie amplifaya yoyote. Ikionyesha njia imekatika, soma sehemu inayofuata kabla hujawasha.

Aina mbili za amplifaya, hofu mbili tofauti

Ushauri wa omu unaosambaa kwenye vikundi vya WhatsApp hugongana kwa sababu watu wanazungumzia wanyama wawili.

Amplifaya ya transista, ambayo ndiyo karibu zote zilizoko huku Kusini, kwa kawaida inaunganisha transista zake za mwisho moja kwa moja na spika. Haiogopi kukaa bila spika. Iache imewashwa mpaka asubuhi, haitadhurika. Haiogopi omu nyingi: ya 8 ukiipa boksi la 16, wati zinapungua karibu nusu, basi. Inachoogopa ni omu chache. Nyuma imeandikwa omu 4 kuwa mwisho, maana yake ni jumla ya kila kitu ulichochomeka, si kwa kila boksi. Ukishuka hadi 2.7 mkondo unazidi, bati la kupoozea linachemka, na chini ya turubai saa nane mchana mjini Lindi bati hilo tayari lilikuwa la moto kabla ya wimbo wa kwanza. Nyingine zina ulinzi, zinajizima na kurudi. Nyingine zinakata fyuzi. Wapo wanaoifunga fyuzi iliyokatika kwa foili ya pakiti ya sigara ili shughuli iendelee. Kuanzia hapo transista ndiyo inakuwa fyuzi, na ikifa kwa kugusana, inapeleka umeme mnyoofu kwenye spika na koili inaondoka nayo.

Amplifaya ya valvu, ile yenye taa za kioo ndani mahali pa transista, ni kinyume. Kati ya valvu na spika kuna transfoma ya kutolea, kazi yake kuzibadilisha volti nyingi na mkondo mdogo wa valvu kuwa volti chache na mkondo mkubwa wa spika. Transfoma hiyo haina omu zake yenyewe. Inazidisha zile za spika. Chukua transfoma inayoifanya omu 8 ionekane na valvu kama 3,400, kiwango cha kawaida kwa jozi ya valvu za EL34. Ukichomeka boksi la 16 kwenye tundu hilohilo, valvu zinaona 6,800. Ukichomeka la 4, zinaona 1,700. Usipochomeka kitu, zinaona ukuta, na nguvu iliyojaa ndani ya transfoma inakosa pa kutokea. Volti zinapanda mara kadhaa kupita kawaida, cheche inaruka kwenye soketi ya valvu au inatoboa varnishi ya waya ndani ya transfoma. Kwa nje huenda usisikie chochote. Wimbo mmoja unatosha.

Kwa hiyo tukilazimishwa kutooanisha, kila mnyama tunamkosea upande wake. Transista tunaipandisha: boksi la 16 mahali pa 8. Valvu tunaishusha hatua moja, boksi la 4 kwenye tundu la 8, kwa sauti ya wastani, tukijua valvu zitachakaa mapema. Valvu zinanunulika hata kama ni za kuagiza. Transfoma ikitoboka, amplifaya inaweza kukaa mwaka mzima kwenye benchi la fundi ikisubiri. Ukiona bamba la chuma ndani ya valvu linaanza kuwa jekundu kama kaa la mkaa, zima papo hapo. Na usiifungue mwenyewe kuchungulia: kapasita za ndani hubaki na volti 400 na zaidi hata baada ya kuchomoa ukutani.

Amplifaya nyingi za valvu zina swichi au matundu ya 4, 8 na 16 nyuma. Ukiwa na maboksi mawili ya 8, weka 4. Ukiwa na mawili ya 16, weka 8. Ibadilishe ikiwa imezimwa. Amplifaya za zamani za Fender hazina swichi hiyo, zimepangiwa spika zilizomo: Twin Reverb ina spika mbili za omu 8 zilizoungwa sambamba, kwa hiyo inataka 4, Deluxe Reverb ina moja ya 8, Super Reverb ina nne za inchi 10, na inataka omu 2 kamili. Tundu kuu la Fender hizi linajifunga lenyewe usipochomeka kitu, ulinzi mzuri dhidi ya kukosa mzigo, yaani kukosa spika. Lakini ndiyo maana pia ukichomeka boksi kwenye tundu la ziada peke yake, unapata ukimya: tundu kuu limejifunga na kumeza sauti yote.

Ndani ya boksi la spika nne

Fungua skrubu za nyuma za boksi la spika nne za inchi 12, na ulichokidhania fujo kinajieleza chenyewe. Kuna jozi mbili. Ndani ya kila jozi, waya mmoja mfupi unatoka kwenye hasi ya spika ya kwanza kwenda chanya ya ya pili. Huo ndio mfululizo, 8 na 8 zikawa 16. Kisha jozi zote mbili zinarudi kwenye tundu moja, sambamba, 16 na 16 zikawa 8 tena. Spika nne, omu 8, kila moja ikibeba robo ya wati.

Uzuri wa kuujua mpangilio huu ni kwamba mita inakuambia kilichokufa bila kufungua. Boksi zima la namna hiyo linasoma kama 6.3. Likisoma 12 au 13, spika moja imekatika, nayo imeizima mwenzake wa jozi. Unapiga na spika mbili na hujui, maana sauti bado ipo. Amplifaya ya valvu iliyowekwa 8 sasa inaona 16. Kwa boksi la spika mbili za 8 zilizo sambamba, linalotakiwa kusoma kama 3.2, ukiona 6.3 basi moja imelala.

Boksi la Marshall 1960A lina swichi na matundu mawili: 16 kwa upande mmoja, 4 kwa mwingine, na likigawanywa kushoto na kulia linakuwa 8 na 8. Spika zake nne ni za omu 16. Kosa la kila siku ni swichi kusukumwa na kiwiko wakati wa kubeba. Itazame kila unapolishusha kwenye gari.

Ukibadilisha spika, weka alama ya chanya kabla ya kuchomoa. Alama ikifutika, betri ya tochi ya volti 1.5 inatosha: chanya ya betri kwenye mguu mmoja, hasi kwenye mwingine, gusa mara moja tu. Koni ikiruka nje, mguu wenye chanya ya betri ndio chanya. Usitumie betri ya gari. Spika mbili zikiwa kinyume, moja inavuta hewa huku nyingine inasukuma. Mita itasoma sawasawa kabisa, lakini besi inapotea na gitaa linasikika kama limefungiwa kwenye kopo.

Vibodi vya Kichina na amplifaya za gari

Vijijini ambako shughuli inaendeshwa kwa betri na sola, gitaa hupita kwenye amplifaya ya gari au kibodi kidogo cha TPA3116 (si kinanda, ni bodi ndogo ya amplifaya yenye chipu ya jina hilo). Hapa kuna mtego usiohusiana na hesabu yoyote ya omu. Kwenye kibodi hicho, miguu yote miwili ya spika ni hai. Hakuna hata mmoja ulio hasi ya betri. Ukitumia tundu la chuma, shina lake linagusa bati la kasha la kibodi, bati linagusa hasi ya umeme, na nusu ya kibodi inakufa kwa kugusana hata kama spika ni ya omu 8 halisi. Tumia tundu la plastiki, au terminali za kubana zilizotengwa na chuma.

Kuunga chaneli mbili za amplifaya ya gari ziwe moja nako kuna bei: kila chaneli inaona nusu ya spika. Kama mwisho wake ni omu 2 kwa chaneli, zikiungwa mwisho ni 4.

Waya, na chumvi ya bahari

Waya wa gitaa na waya wa spika vina pini zinazofanana, na ndiyo chanzo cha matatizo. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungushiwa wavu. Uzi wa milimita za mraba 0.2, kwa mita 10 kwenda na 10 kurudi, unaongeza kama omu 1.7, kwa boksi la omu 4 karibu theluthi ya wati zinaishia kuupasha waya moto. Waya wa shaba wa 1.5, ule wa kufungia taa za nyumbani lakini wa nyuzinyuzi ulio laini, unaongeza robo ya omu tu kwa urefu huohuo. Wa 2.5 ni bora zaidi. Ukikata pini ya zamani, angalia ndani: nyuzi zikiwa za fedhafedha na zinavunjika kwa kukunjwa mara mbili, huenda ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ongeza unene.

Shangani, Mikindani, Kilwa Masoko, popote upepo unapotoka baharini, tundu la spika haliozi kwa miaka, ni miezi. Ukungu wa kijani kwenye shaba na weusi kwenye pini ni ukinzani uliojificha. Leo unasoma 6.4, kesho 9, ukiutikisa waya unasoma 7. Kwa transista ni sauti inayokatikakatika. Kwa valvu kila mkatiko ni sekunde ya kukosa mzigo, kwa hiyo usiendelee kupiga ukijifariji kwamba "inarudi yenyewe". Safisha pini kwa spiriti na kitambaa, chomeka na kuchomoa mara kumi, pima tena. Vishikio vya kubana nyuma ya spika vikilegea kidogo, vibane kwa koleo mpaka vikatae kutoka kwa mkono. Barabara ya vumbi kutoka Liwale huvilegeza kila safari. Waya unaoingia kwenye terminali ya skrubu usiupake risasi: risasi ni laini, inasinyaa chini ya skrubu, na baada ya wiki chache waya unacheza.

Kwenye shughuli, pini ya spika ichomekwe amplifaya ikiwa imezimwa. Pini ya aina hii ikiwa njiani kuingia, kichwa na shina hugusana kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha kwa transista. Boksi kwanza, gitaa la pili, swichi ya umeme mwisho. Piga nyimbo mbili kwa sauti ya nusu, kisha weka kiganja karibu na bati la kupoozea. Ukiweza kukiacha hapo, endelea. Ukikiondoa kabla ya kuhesabu tano, chomoa boksi moja, hata kama mwenye harusi ananyoosha kidole juu akitaka sauti iongezwe.

Nyuma ya kila boksi andika kwa rangi nyeupe ya mafuta mambo matatu: omu za jina, namba uliyosoma kwenye mita, na mwezi uliopima. "8 / 6.3 / Novemba." Kalamu ya wino haimalizi masika.